Mama Aliyeuzunguka Ukuta: Margaret Burbidge na Asili ya Chuma Kilichomo Damuni

Mama mjamzito anapokwenda kliniki kwa mara ya kwanza, miongoni mwa vitu anavyorudi navyo nyumbani ni vidonge vya kuongeza damu. Ndani ya vidonge hivyo mna madini ya chuma, chuma kile kile ambacho mhunzi hukifua kuwa jembe na panga. Mwili mzima wa mtu mzima una takriban gramu 4 tu za chuma, uzito wa msumari mmoja. Lakini gramu hizo zikipungua mtu hudhoofika, huhema akipanda ngazi, na mzazi huweza kuyapoteza maisha yake wakati wa kujifungua.

Chuma hicho kilitoka wapi? Mtu atajibu kwamba kilitoka katika maharage, mchicha, dagaa na maini, na jibu hilo ni sahihi. Mchicha nao ulikipata udongoni, na udongo ulikirithi kutoka katika miamba. Je, dunia yenyewe ilikipata wapi? Hadi katikati ya karne ya 20 hapakuwa na mwanachuoni aliyeweza kulijibu swali hilo kikamilifu na kwa ushahidi. Jibu lilitoka mwezi Oktoba 1957, katika makala ya kurasa 104 iliyoandikwa na watafiti wanne. Kwa mpangilio wa alfabeti, jina la kwanza katika makala hiyo lilikuwa la mwanamke, Eleanor Margaret Burbidge, Mwingereza, mama wa binti mmoja, ambaye miaka kumi hivi kabla ya hapo alinyimwa nafasi ya kutumia darubini kubwa kwa sababu moja tu: kwamba yeye ni mwanamke.

Msichana wa namba na nyota

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1919 katika mji wa Stockport, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu na mtafiti wa kemia, na mama yake alikuwa amesoma somo hilo hilo. Margaret mwenyewe alisimulia ukubwani kwamba nyota zilimvutia kwa mara ya kwanza alipokuwa na umri wa miaka 4, katika safari ya usiku ya meli kuvuka mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Akiwa mjini alikuwa hajapata kuziona zikiwa wazi kiasi kile. Tangu hapo mapenzi yake yakawa mawili, nyota na namba kubwa kubwa, naye alipogundua kwamba kuna ilimu inayoyaunganisha yote mawili, yaani falaki, hakutaka tena kitu kingine.

Alihitimu shahada yake katika chuo kikuu cha University College London mwaka 1939, mwaka ule ule vita vikuu vya pili vilipoanza. Wanaume wengi wa fani yake wakaitwa vitani au katika kazi za vita, naye akabaki akiitunza na kuitumia darubini ya chuo iliyokuwa Mill Hill, nje kidogo ya London. Amri ya kuzima taa ilikuwa imeutia mji mzima gizani ili ndege za adui zisione pa kupiga, na giza hilo likampa anga safi ambayo London haikuwa nayo wakati wa amani. Mwaka 1944 bomu liliripuka jirani wakati anaipiga picha nyota moja, darubini ikatikisika na nyota ikatoka katika kioo. Aliitafuta tena, akaipata, akaendelea na kazi. Shahada yake ya udaktari alikuwa ameshaipata mwaka 1943.

Mlango uliofungwa

Vita vilipokwisha, Margaret aliomba ufadhili wa utafiti wa taasisi ya Carnegie ya Marekani. Ufadhili huo ulikuwa ndio mlango wa kuifikia darubini ya mlima Wilson katika jimbo la California, ambayo kioo chake kina upana wa mita 2.5 na wakati huo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikifanya kazi ulimwenguni. Jibu alilopata lilikuwa fupi. Aliambiwa kwamba nafasi hizo ni za wanaume, kwa kuwa wanawake hawaruhusiwi kuitumia darubini ya mlimani.

Msomaji aelewe uzito wa neno hilo. Mwanafalaki hawezi kukiweka mezani kitu anachokichunguza. Hana cha kukata, kupima kwa mizani wala kuonja. Anacho kitu kimoja tu, nayo ni nuru inayomfikia kutoka mbali, na kadiri nyota ilivyo hafifu ndivyo anavyohitaji kioo kikubwa zaidi cha kuikusanya nuru yake. Kumnyima darubini ni sawa na kumnyima mvuvi chombo kisha ukamwambia bahari iko wazi kwa kila mtu.

Baadaye maishani aliandika kwamba tukio lile lilimpa kanuni ya kuishi nayo: mtu akikuta ukuta mbele yake, na atafute njia ya kuuzunguka. Mwaka 1948 aliolewa na Geoffrey Burbidge, mwanafizikia ambaye alivutwa na falaki kwa sababu ya mke wake. Kuanzia mwaka 1951 wawili hao walifanya kazi Marekani, katika vituo vya Yerkes na McDonald, kisha wakarejea Cambridge, Uingereza, mwaka 1953. Huko ndiko walikokutana na watu wawili waliokuwa wakiliwaza swali la asili ya madini: Fred Hoyle, Mwingereza, na William Fowler, Mmarekani aliyekuwa akichunguza viini vya atomu katika maabara huko California.

Kuisoma nuru

Ili kulifahamu swali lao, yafaa kwanza kujua namna ambavyo mtu aliye hapa duniani anaweza kutambua nyota imeumbwa kwa kitu gani. Nuru ya nyota ikipitishwa katika kipande cha kioo maalumu hutawanyika na kuwa rangi za upinde wa mvua. Katikati ya rangi hizo huonekana mistari myembamba ya giza. Kila elementi, iwe haidrojeni, chuma au kalsiamu, ina mpangilio wake wa mistari usiofanana na wa nyingine, mithili ya alama za vidole vya mtu. Anayeijua mistari hiyo huisoma nyota kama karani anayesoma daftari la ghala: kuna hiki, kuna kile, na kiasi chake ni hiki.

Margaret alikuwa bingwa wa usomaji huo. Na daftari la nyota lilikuwa na mambo ya kustaajabisha. Nyota kongwe kabisa zilionekana kuwa na chuma kidogo mno, na zile zilizozaliwa baadaye zilikuwa nacho kwa wingi zaidi. Kama madini yote yangekuwepo tangu mwanzo wa ulimwengu kwa kiasi hiki hiki, nyota zote zingepaswa kufanana.

Ushahidi mwingine ulipatikana mwaka 1952, pale mwanafalaki Paul Merrill alipoikuta elementi iitwayo teknetiamu katika nuru ya nyota fulani. Teknetiamu haidumu. Hata aina yake inayokaa muda mrefu zaidi hupungua kwa nusu katika kipindi cha miaka milioni 4 hivi, na nyota zile zilikuwa na umri mkubwa kuliko huo kwa mbali sana. Kwa hiyo haikuwezekana kwamba nyota ilizaliwa nayo. Ilikuwa ikiitengeneza yenyewe, tumboni mwake. Margaret na mumewe nao waliichambua nyota moja yenye bariamu kwa wingi usio wa kawaida. Bariamu ni ile elementi ambayo chumvi yake hunyweshwa mgonjwa kabla ya kupigwa picha ya eksirei ya tumbo. Nyota ile ilikuwa nayo kupita kiasi, na mpangilio wa elementi zake nzito uliafikiana na hesabu za Fowler na Hoyle.

Meko ya nyota

Haya ndiyo yaliyokuja kuelezwa katika makala ya mwaka 1957, pamoja na mengine yaliyothibitishwa baadaye.

Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na haidrojeni na heliamu, na chembe chache mno za elementi nyingine nyepesi. Hapakuwa na kaboni ya kujenga mwili, wala oksijeni ya kuvuta pumzi, wala kalsiamu ya mifupa, wala chuma cha damu. Hivyo vyote vilipikwa baadaye, na meko yake yalikuwa ni nyota.

Ndani ya nyota joto na mgandamizo ni mkubwa kiasi kwamba viini vya haidrojeni hugongana na kuungana, vikawa heliamu, na katika kuungana huko hutoa nishati. Nishati hiyo ndiyo nuru ya jua letu. Haidrojeni ya kati ikiisha, nyota hujikaza, joto huzidi, na heliamu nayo huanza kuungana ikawa kaboni na oksijeni. Nyota ndogo kama jua huishia hapo. Hutoa matabaka yake ya nje taratibu angani, na kinachobaki ni kiini kidogo chenye joto kinachopoa kwa mabilioni ya miaka.

Nyota kubwa, zenye uzito wa zaidi ya mara 8 ya jua, haziishii hapo. Zinaendelea kupika, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Chukua nyota yenye uzito wa mara 25 ya jua. Haidrojeni yake huichoma kwa miaka milioni 7 hivi. Kaboni huichoma kwa miaka 600 hivi. Oksijeni haifiki mwaka. Silikoni, hatua ya mwisho, humalizika kwa takriban siku moja, nayo majivu yake ni elementi za jamii ya chuma.

Hapo moto hukoma. Kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati, bali hula nishati. Nyota iliyokuwa ikijitegemeza kwa moto wake kwa mamilioni ya miaka hukosa ghafla cha kuishikilia. Kiini chake huporomoka kwa muda usiozidi nukta moja, kisha mrindimo wa mporomoko huo huirarua nyota nzima na kuitupa angani. Mripuko huo ndio uitwao supanova. Kwa majuma kadhaa nyota moja huweza kung'aa kama mabilioni ya majua yakiwa pamoja.

Ipo pia supanova ya aina ya pili. Hii hutokea pale kile kiini kidogo kilichobaki baada ya kufa kwa nyota ya kawaida kinapoongezewa vitu na nyota jirani yake, hadi kikaribie uzito wa mara 1.4 ya jua. Kikomo hicho kilikokotolewa na mwanafizikia kijana kutoka India, Subrahmanyan Chandrasekhar, mnamo mwaka 1930 akiwa safarini baharini kwenda kusoma Uingereza. Kiini hicho huripuka chote pasibaki kitu, na aina hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya chuma kilichomo ulimwenguni.

Makala ile ya mwaka 1957 ilitaja njia 8 ambazo kwazo elementi hutengenezwa. Kwa elementi nzito kuliko chuma ilionesha njia mbili kuu: moja ya polepole, ambamo kiini cha atomu humeza nyutroni moja moja katika nyota kongwe, na nyingine ya haraka, ambamo nyutroni humiminika kama mvua ya masika. Bariamu nyingi hutoka katika njia ya kwanza, na dhahabu na urani katika ya pili.

Katika kibanda cha mlimani

Nadharia peke yake haikutosha. Zilihitajika nyota nyingi zaidi, zilizosomwa kwa darubini bora, na hapo wanne hao wakarudi kwenye ule ukuta wa zamani.

Mwaka 1955 Geoffrey aliomba ufadhili ule ule wa Carnegie uliokuwa umekataliwa mke wake, akapewa. Yeye hakuwa mtaalamu wa kutumia darubini. Mke wake ndiye aliyekuwa mtaalamu, naye akapanda mlimani kwa jina la msaidizi wa mumewe. Wakuu wa kituo walipotambua hali ilivyo, walikubali kwa masharti: wakae katika kibanda cha peke yao, wasilale wala kula katika nyumba ya wanafalaki, na wasafiri kwa gari lao wenyewe. Basi usiku ulipoingia mume aliyeandikwa kuwa ndiye mtafiti alishika kazi ya kusaidia, na mke aliyeandikwa kuwa msaidizi akashika darubini. Sehemu ya kazi hiyo aliifanya akiwa mjamzito, na binti yao, Sarah, alizaliwa mwaka 1956.

Wenzao wawili, Fowler na Hoyle, waliyapima mambo hayo kwa hesabu na kwa majaribio ya maabara. Wakati huo huo mtafiti mwingine, Alastair Cameron, akifanya kazi Kanada peke yake, aliyafikia matokeo yanayofanana na yao mwaka ule ule wa 1957. Watu wawili wakifika kisimani kwa njia mbali mbali, ni dalili njema kwamba kisima kipo.

Makala hiyo haikuwa na majibu yote. Waandishi wenyewe walikiri kwamba hawakujua zilikotengenezwa baadhi ya elementi nyepesi, wakaiita njia hiyo kwa herufi ya kitu kisichojulikana. Na kuhusu dhahabu, waliielekeza kwenye supanova. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana na kuungana, na nuru iliyofuata ikaonesha dalili za elementi nzito zilizozaliwa pale pale. Njia ya haraka waliyoieleza ilikuwa ya kweli, ila mahali pake palikuwa zaidi ya pamoja. Margaret alikuwa hai kuisikia habari hiyo, akiwa na umri wa miaka 98.

Kifo kinachozaa

Hapa ndipo habari ya kufa kwa nyota inapokuwa habari ya kuzaliwa kwake. Baina ya nyota na nyota mna mawingu makubwa ya gesi na vumbi, yenye baridi kali. Pale wingu linapokuwa zito vya kutosha, uzito wake wenyewe hulivuta likajikunja, kitovu chake kikapata joto, na mwisho nyota mpya ikawaka. Katika kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita Jauza, kuna wingu la namna hiyo umbali wa takriban miaka 1,300 ya mwendo wa nuru, ambamo nyota zinaendelea kuzaliwa. Mwenye macho mazuri huliona kama doa la ukungu katikati ya upanga wa kundi hilo.

Supanova inapotupa vitu vyake angani, huyatia mawingu hayo kaboni, oksijeni, kalsiamu na chuma. Kizazi kinachofuata cha nyota huzaliwa kikiwa na akiba ambayo kizazi cha kwanza hakikuwa nayo, na sayari zake huweza kuwa na miamba, maji na udongo. Mrindimo wa supanova wenyewe una kazi mbili zinazopingana: pengine hulisukuma wingu jirani likaanza kujikunja na kuzaa nyota, na pengine hulitawanya kabisa, uzazi ukasimama. Kazi kubwa ya wanafalaki wa leo ni kupima ni lini hutokea hili na ni lini hutokea lile.

Jua letu lilizaliwa yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, na kabla yake vizazi vya nyota vilikuwa vimeshapita. Chuma kilichomo katika kidonge cha mama mjamzito kilikuwa tayari kimeshatengenezwa kabla ya jua kuwaka.

Shahidi wa Misri

Hakuna haja ya kudhani kwamba haya ni mambo ya kukokotolewa kwenye karatasi tu. Wanadamu wameziona supanova kwa macho yao, na miongoni mwa mashahidi bora yumo mwanachuoni wa Kiislamu. Mwaka 1006, sawa na mwaka 396 Hijria, nyota ngeni ilizuka kusini mwa anga. Ali ibn Ridwan, aliyekuja kuwa tabibu mashuhuri wa Misri, aliiona akiwa kijana anayeanza masomo. Katika sherehe yake ya kitabu cha Ptolemaio aliandika kwamba ukubwa wake ulikuwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya Zuhura, kwamba anga iling'aa kwa nuru yake, na kwamba mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Aliandika pia mahali ilipokuwa pamoja na sayari nyingine zote usiku ule, kwa usahihi uliowawezesha wanafalaki wa karne ya 20 kulitambua tukio hilo na tarehe yake.

Ibn Ridwan hakuweza kujua kwamba nyota ile ilikuwa ya aina ya pili tuliyoieleza, ile inayotoa chuma kwa wingi. Wala hakulazimika kujua. Aliandika alichokiona kwa uaminifu, na miaka elfu moja baadaye maandishi yake yakawa ushahidi mikononi mwa watu ambao hakuwawazia.

Ushahidi wa karibu zaidi ulikuja mwezi Februari 1987. Nyota iliripuka katika galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa takriban miaka 160,000 ya nuru, ikaonekana bila darubini katika nchi za kusini mwa dunia. Saa chache kabla ya nuru yake kuonekana, mitambo ya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti ilinasa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zaidi ya 20 kwa jumla, zilizotoka katika kiini kilichoporomoka. Kisha nuru ya nyota ile ikafifia kwa kipimo kile kile ambacho kobalti hupungua inapogeuka kuwa chuma. Kwa mara ya kwanza wanadamu walishuhudia chuma kikitengenezwa, tena kwa wingi unaozidi uzito wa dunia yetu nzima zaidi ya mara 20,000.

Heshima aliyoikataa

Mwaka 1983 Fowler alitunukiwa tuzo ya Nobel, pamoja na Chandrasekhar. Wenzake watatu wa makala ile hawakupewa. Margaret hakuisimamisha kazi kwa ajili hiyo, kwani alikuwa amezoea mambo mazito zaidi. Huko Chicago, baada ya makala ile kutoka, mumewe alipewa nafasi ya ualimu chuoni, ilhali yeye aliambiwa kwamba kanuni haziruhusu mume na mke kuajiriwa pamoja. Walipohamia chuo kikuu cha California, San Diego, mwaka 1962, kanuni hiyo iliwafuata: mume akawekwa idara ya fizikia na mke idara ya kemia. Huko ndiko alikompokea Vera Rubin, mwanafalaki kijana na mama wa watoto wanne, wakafanya pamoja utafiti wa mzunguko wa galaksi. Mwaka 1965 Vera Rubin akawa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutumia darubini ya Palomar.

Mwaka 1971 jumuiya ya wanafalaki wa Marekani ilitaka kumpa Margaret tuzo iliyotengwa kwa ajili ya wanawake. Aliikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba ubaguzi ni ubaguzi, hata ukija umevaa nguo za heshima. Na kama wanawake wanataka wasizuiwe kwa sababu ya jinsia, basi wasituzwe pia kwa sababu hiyo. Wapo waliomlaumu. Hata hivyo jumuiya hiyo hiyo ilimchagua baadaye kuwa rais wake, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Mwaka 1972 alikuwa ameshateuliwa kuongoza kituo cha falaki cha kifalme cha Greenwich, nacho hakikuwa kimepata kuongozwa na mwanamke. Lakini cheo cha Mwanafalaki wa Mfalme, ambacho kwa karne tatu kiliambatana na uongozi huo, akapewa mtu mwingine. Alifariki dunia San Francisco tarehe 5 Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 100.

Kwa mzazi mwenye binti

Ndugu msomaji, yafaa tujiulize swali moja kutokana na maisha ya bibi huyu. Waliomfungia mlango hawakuwa wajinga. Walikuwa wataalamu wakubwa, waliokuwa na hamu ya kweli ya kujua siri za nyota, na hawakutambua kwamba kwa kanuni yao walikuwa wakizuia mikono iliyokuja kuifichua mojawapo. Hasara ya mlango uliofungwa haionekani, kwa sababu kile ambacho kingepatikana ndani hakipatikani. Margaret aliupita ukuta kwa kuwa alikuwa na mume aliyekubali kuitwa mtafiti usiku na kuwa msaidizi. Ni wangapi hawakuwa naye, hakuna daftari lililowaandika.

Binti anapouliza nyota zimetengenezwa na nini, mzazi hana haja ya kuwa na shahada ndipo amjibu, wala haifai kumwambia kwamba maswali hayo ni ya kaka yake. Kuanzia Novemba hadi Machi, jioni isiyo na mawingu, mtoke naye uani mkamtafute Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota kilichopata jina lake katika kulima, ambacho wazee wetu walikitazama ili kujua majira ya jembe. Wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nyota zake ni changa mno. Umri wao ni takriban miaka milioni 100 tu, na jua letu limewazidi zaidi ya mara 40. Zimeumbwa kwa majivu ya nyota zilizokufa kabla yao, na chuma kilichomo ndani yao kina asili moja na chuma cha jembe, na cha kidonge, na cha damu ya mtoto anayeuliza.